Albamu Mpya Kutoka Friji Bovu

Jumatatu, 3 Machi

Bibi Sahani ametangaza vita. Hakutumia neno hilo. Alisema tu kwamba kuanzia wiki ijayo karatasi ya Ijumaa itakuwa ya upande mmoja, kwa hiyo mwandishi atabaki mmoja. Atakayeleta toleo jipya zito kuliko yote wiki hii, ukurasa ni wake. Mwingine atakuwa msomaji, kama watu wengine.

Nieleze, ingawa shajara hii haisomwi na mtu. Bibi Sahani ana duka la santuri na kaseti. Karatasi yake hutaja matoleo mapya ya metali nzito ya polepole, muziki ambao wapigaji wake huugawa mara tatu: doom, sludge na stoner. Dukani tunasema kiama, tope na moshi. Kiama ni polepole kwa huzuni. Tope ni polepole kwa hasira. Moshi ni polepole kwa sababu mpigaji amesahau alikuwa anaelekea wapi. Nusu ya karatasi naandika mimi. Nusu nyingine anaandika Daktari.

Daktari ni daktari wa meno. Ana masikio makali na adabu za kuudhi. Kaseti mpya humfikia yeye kwanza, bendi zenyewe humtumia, naye huzipiga kliniki wakati mgonjwa amepanua kinywa na hawezi kulalamika. Mimi hutumiwa na bendi moja tu ya moshi, watu wawili wavivu, na albamu yao nimeshaisifu mara mbili. Mara ya pili niliipa jina jingine.

Miaka sita nimeandika nusu ukurasa ule. Kazi yangu ya mchana ni kuhesabu maboksi ya vigae stoo. Hakuna anayenijua kwa vigae. Wakiniondoa kwenye karatasi, sijui nitakuwa nani.

Saa sita mchana tumbo likanikata, nikarudi nyumbani, jambo ambalo sifanyi kamwe siku ya kazi. Mama mdogo, ninayeishi kwake, alikuwa amekwenda kupeleka sare za shule alizoshona. Nyumba kimya. Nikaingia jikoni kunywa maji, nikasikia mvumo.

Ulitoka upande wa friji la zamani, pale pembeni. Sauti moja ya chini kabisa, nene, haiyumbi, kisha inashuka kidogo na kutulia huko huko chini. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Nikasema moyoni, hiki ni kiama safi. Halafu nikawaza kitu bora zaidi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Nimerekodi kwa simu mpaka mvumo uliponyamaza wenyewe. Dakika arobaini na moja. (Stoo imenifundisha kuandika idadi ya kila kitu.) Nimehamishia kwenye kaseti moja. Nikabuni bendi ya watu watatu wasiopenda kupigwa picha: jina lao Chini ya Ngazi, albamu yao Mzigo. Nimeitumbukiza kwenye sanduku la barua la kliniki. Mpango ni huu. Daktari ataisifu. Ijumaa sifa zitachapishwa. Jumamosi nitasimama dukani na picha ya friji mkononi, niwaambie wateja kwamba daktari wao amelililia friji. Ukurasa wangu.

Tumbo limepona lenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Daktari ameumeza uongo wangu mzimamzima!

Nilipita dukani baada ya kazi. Daktari alikuwa na kaseti yangu kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Alimweleza Bibi Sahani kwamba ameipiga kliniki kutwa. Mgonjwa wa kwanza alilala kabla ya sindano. Wa pili aliuliza ni nani yupo chumba cha pili. Kliniki haina chumba cha pili. Wa tatu, mzee mmoja fundi bomba, alikaa mpaka mwisho huku ameshika jino lake lililong'olewa, kisha akasema huyo bwana anafanya kazi mikono ikiwa juu.

Daktari anakubaliana na fundi bomba. Anasema hao si watu watatu. Ni mmoja, mtu mzima, kafunga mdomo na anapumua kwa pua. Dakika ya kumi na tisa anasimama, anakohoa mara mbili, anaendelea. Bibi Sahani akanyoosha mikono, nikaona naye vinyweleo vimemsimama. Akatoa nakala moja ya kupiga dukani, kwa redio yake ya kaseti mbili.

Nilitikisa kichwa taratibu, uso wa mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza. Ndani nilikuwa nakufa kwa kicheko. Mafriji yote ya zamani hukohoa.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilihitaji picha ya friji. Nikaomba tena ruhusa ya saa sita. Msimamizi wa stoo aliniuliza kama tumbo langu nalo lina ratiba.

Jikoni nilimkuta Mama mdogo amekaa kwenye kiti, anatazama friji, mikono mapajani. Mama mdogo ni fundi cherehani. Sijawahi kuiona mikono ile ikiwa mitupu. Na mvumo ulikuwepo, umeshaanza. Aliponiona alishtuka, akaanza kuongea kwa sauti kubwa kuhusu vifungo vya sare, kwamba vya bluu vimekwisha. Nami nikamjibu kwa sauti kubwa kuhusu vigae, kwamba vya bluu vipo tele.  Tukakaa pale, watu wawili, tunasikiliza kitu ambacho kila mmoja anajifanya hakisikii.

Nikazunguka nyuma ya friji ili nipige picha ya plagi. Hakuna plagi. Waya umekatwa, ncha yake imezungushiwa utepe. Nikafungua mlango. Ndani mna nyuzi, zipu, makopo ya vifungo na vitambaa vilivyokunjwa. Joto la ndani ni lile lile la chumba.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema friji lilikufa miaka minne iliyopita, mwezi mmoja kabla ya Baba mdogo, mumewe, naye kufa. Mwenyewe ndiye aliyekata ile plagi akaifunga kwenye pasi yake, akasema friji atalitengeneza baadaye. Hakuwahi. Nikaanza kumuuliza, sasa hicho kinacho... Hakuningoja nimalize. Akaniuliza kama nitakula.

Mvumo ukanyamaza. Nikatazama saa. Dakika thelathini na tisa. Juzi zilikuwa arobaini na moja. Nimeandika tu.

Alasiri nimefanya uchunguzi. Nyuma ya friji ni ukuta wa nje, ghorofa ya tatu. Chini yetu ni stoo ya muuza magodoro, na magodoro hayavumi. Juu ni paa. Nikapanda. Kuna kamba za nguo tu, na hakuna nguo. Ngazi nikazishuka kwa kukaa.

Tatizo kubwa: mpango umeharibika. Nikionyesha friji lisilo na plagi, Daktari ndiye ataonekana mwenye akili. Atasema, si niliwaambia ni mtu?

Mpango mpya. Sitamwaibisha. Nitadai bendi ni yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi, kabla ya kazi, nilimwambia Bibi Sahani kwamba Chini ya Ngazi ni watu wangu, mimi ndiye msemaji wao, na kaseti niliiangusha kliniki kwa siri ili Daktari asikilize bila upendeleo. Alinishika mabega yote mawili. Papo hapo akatoa nakala nane za kupeleka kwenye maduka ya miji mingine. Mashine yake hutoa nne kwa mpigo, basi mipigo miwili. Zikaondoka na basi la saa nne. Daktari aliyekuwa amepita kununua utepe alinitazama muda mrefu, jicho la mtu anayetafuta jino bovu ni lipi.

Jioni nilikuwa napiga pasi shati, nimeweka simu pembeni, nasikiliza albamu yangu. Sikusikia cherehani ikinyamaza. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Zilikuwa saba. Ndipo akasema huyo ni Baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa fundi wa lifti. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba ndani ya lile shimo la lifti, mikono juu ya kichwa, alifunga mdomo ili asile vumbi, akawa anavuma kwa pua ili asijisikie mpweke. Tabia ikamganda. Kila siku ya kazi alirudi nyumbani saa sita, akala, kisha akashika kitu chochote kibovu akakitengeneza huku anavuma. Wiki moja baada ya mazishi akaanza tena. Siku za kazi tu, saa sita. Mama mdogo anapika, anaweka kiti, anakaa naye. Miaka minne. Hakumwambia mtu kwa sababu anajua watu wangesema mjane yule skrubu imelegea.

"Kumbe nawe unamsikia, mwanangu," akasema. Akanishika sikio, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo, akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mazishi. Nilifurahi sana. Nasema kweli, nilifurahi.

Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, siku hizi anaondoka mapema. Zamani Mama mdogo angekula, akaosha sufuria, na bado mumewe yupo. Leo mumewe amenyamaza yeye hata sahani hajaimaliza. La pili, nisimtoe humu ndani. Hao wa nje hawamjui, wana kazi gani naye?

Nikasema sawa. Wakati huo alikuwa ndani ya kaseti kumi, na nane zilikuwa zimeshafika stendi ya mji wa tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa sita nimekuwa nyumbani. (Msimamizi haulizi tena, ananipungia mkono tu.) Viti viwili mbele ya friji. Mama mdogo amevaa gauni lake zuri. Baba mdogo akavuma, akakohoa, akavuma. Nilitaka kukimbia na nilitaka kukaa, nikakaa.

Dakika thelathini na moja.

Nikaenda chooni nikafanya hesabu kwa penseli juu ya kigae. Arobaini na moja. Toa ya Daktari, toa ya dukani, zinabaki thelathini na tisa. Toa nane za basi, thelathini na moja. Kila nakala inachukua dakika moja. Miaka kumi na miwili stoo, sijawahi kuona mahesabu yanayokaa sawa namna hii.  Nikafuta kigae.

Alasiri dukani. Karatasi imetoka, sifa za Mzigo ziko juu kabisa, zimeandikwa na Daktari mwenyewe, na ameandika vizuri, mbwa yule. Watu wamekuja kuulizia kutwa nzima. Bibi Sahani amepanga usikilizaji kesho saa nane mchana, na papo hapo nakala zitatolewa. Zikitoka, ukurasa ni wangu. Nisipokubali zitolewe, hana cha kuwaambia watu, na ukurasa unabaki kwa Daktari.

Daktari akanifuata nje, kibarazani. Akasema yeye hataki ukurasa. Atamwambia Bibi Sahani leo hii anipe mimi, bure, bila nakala hata moja, ila niache kumsambaza yule bwana. Akasema yule si mwanamuziki, nimrudishe nilikomtoa. Akasema tangu jana wagonjwa wake wanasalimia ukuta.

Ningekubali, mambo yangeishia pale. Naandika hili ili ijulikane kwamba nililiona. Lakini miaka sita nimekaa nusu ya chini ya karatasi, chini ya jina lake, na sasa hata ushindi anigawie yeye? Ushindi wa kupewa si ushindi. Nikamwambia wivu ni kidonda. Akanipa mkono, akaniambia nisiache kupiga mswaki jioni, akaenda zake. Adabu zile zitaniua.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda na mpango wa kiungwana. Zilizobaki ni dakika thelathini na moja. Nakala thelathini, basi. Ibaki moja. Dakika moja inatosha kusalimiana. Wapo watu wana ndoa za miaka ishirini na hawazungumzi zaidi ya hapo kwa siku.

Usikilizaji ulikuwa wa aina yake. Mapazia yamefungwa, jua linachungulia pembeni. Watu kama thelathini, fulana nyeusi, ndevu, vichwa vinakwenda chini na juu polepole, wote pamoja. Nilipita katikati yao kama bwana harusi. Dakika ya kumi na tisa Baba mdogo akakohoa mara mbili. Watu thelathini wakakohoa mara mbili. Wote, kwa pamoja, hakuna aliyepanga. Baada ya hapo hakuna aliyemtazama jirani yake. Punde kidogo dada mmoja wa mstari wa mbele akakunja miguu ili mtu apite. Hakukuwa na mtu.

Kisha nakala. Nilisimama mwenyewe kwenye mashine. Mipigo saba, nakala ishirini na nane. Mpigo wa mwisho nikaweka kaseti mbili tu, nafasi mbili wazi, nikabonyeza mwenyewe kila kitu isipokuwa kitufe cha mwisho, kwa sababu hapo ndipo Bibi Sahani alipoita watu wote wasikilize. Akatangaza kwamba ukurasa ni wangu. Akanipa kalamu yake nyekundu. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja mwenye ndevu hadi kifuani akaniomba nimsainie mkononi. Nikasaini. Nikasaini na wa pili.

Niliporudi, mashine ilikuwa inazunguka na kaseti nne. Bibi Sahani kapita akajazia. Akasema mashine haikimbizwi nusu, inachakaa bure.

Nikasimama nikaitazama mpaka mwisho. Sikuizima. Ningeweza kuizima, waya ulikuwa karibu na mguu wangu, lakini watu walikuwa wananitazama na nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Kaseti tatu zimetoka salama. Ya nne imetoka tupu. Haina hata ule mchakacho wa kaseti tupu. Bibi Sahani akasema kichwa cha mashine kimeingia uchafu, akakipuliza.

Nyumbani Mama mdogo aliniuliza mbona nahema. Nikamwambia ni furaha, nimepata ukurasa mzima. Alifurahi kwa moyo wake wote. Akasema Jumatatu saa sita atamweleza Baba mdogo.

Jumapili, 9 Machi

Sikutoka kitandani. Siku za mwizi ni arobaini. Nimehesabu nakala: arobaini na moja.

Inawezekana nimekosea hesabu. Watu hukosea.

Jumatatu, 10 Machi

Sikukosea.

Saa sita alikuwa ameshakaa, gauni lile zuri, chakula kimepakuliwa. Sita na robo, kimya. Sita na nusu, kimya. Cherehani ya jirani wa ng'ambo ya barabara ilisikika, na mtu anasogeza godoro chini, na mimi nikimeza mate. Akaamua kumweleza tu. Akaliambia friji kwamba kijana wetu kapata ukurasa mzima, jina lake litakuwa peke yake. Akangoja. Saa tisa alisimama, akafungua mlango wa friji, akaanza kupanga zipu kwa rangi.

Akasema kosa ni lake. Mambo mengine ukishayasema kwa mdomo yanaondoka. Asingeniambia, angebaki. Alisema bila kulia, na mikono ilikuwa inapanga zipu, nyeusi na nyeusi, nyekundu na nyekundu.

Nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata suluhisho, nikadhani. Nikaenda kuchukua ile nakala ya dukani, nikaazima na redio kaseti, na saa sita kamili nikaiweka mbele ya friji. Kwa nini alie kukosa kitu ambacho kipo, na dakika zote arobaini na moja, na anaweza kukirudisha nyuma akitaka?

Alisikiliza yote. Mikono magotini. Kwenye kikohozi hakusogea. Ilipokwisha, kitufe kikaruka chenyewe, naye akasema: "Hii ni sauti yake, mwanangu. Mimi nilikuwa na mtu."

Akainuka akaenda kushona. Nikalia jikoni, uso ndani ya taulo la vyombo.

Nimeamua kukiri. Nimekaa mezani nikaandika yote: friji, kaseti, hesabu ya kigae, kalamu nyekundu, nafasi mbili za mashine. Kurasa tatu, kwa mkono, bila kuficha. Niliposoma tena ili nirekebishe, niliona aya ya mwisho imekaa vizuri mno. Huzuni yake ina uzito. Nikaondoa maneno "nimekuibia mume", nikaweka "albamu hii inakuibia", na ikawa uhakiki bora niliowahi kuandika. Bibi Sahani ameupokea kwa simu. Anasema umemtoa machozi.

Mama mdogo nitamwambia wiki ijayo, akipoa.

Jumatano, 12 Machi

Uhakiki haufai. Bibi Sahani amekumbuka kwamba Mzigo ni toleo la wiki iliyopita, na karatasi ni ya matoleo mapya. Ukurasa mzima wa Ijumaa uko wazi na ni wangu peke yangu. Nimezoea nusu. Sikujua nusu ya Daktari ilikuwa ndefu hivi.

Nikampigia Daktari, kwa unyenyekevu, kama ana kaseti yoyote mpya, hata ya moshi. Akasema kaseti zote amezifunga kwenye boksi, kliniki sasa ni kimya, na wagonjwa wanaogopa zaidi kuliko zamani. Akaniuliza yule bwana yukoje. Nikakata simu, nikamwandikia ujumbe kwamba mtandao ni mbaya.

Watu wanaulizia albamu ya pili ya Chini ya Ngazi. Yule mwenye ndevu amekuja mpaka stoo ya vigae. Bibi Sahani anasema kama ipo, ukurasa umejaa. Kama haipo, yupo dada mmoja anayeandika tope vizuri sana.

Sina kitu. Nimesikiliza pampu ya maji ya jengo, feni ya stoo, pasi ikipoa. Hakuna. Hivyo vyote vina plagi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi saa sita. Sijui kwa nini, labda miguu imezoea.

Mama mdogo alikuwa amekaa mahali pake, mbele ya friji, anashonelea kifungo kwenye sare. Na mvumo ulikuwepo.  Nikadhani Baba mdogo amerudi, na kwa muda ule mdogo, Mungu shahidi wangu, sikufikiria karatasi hata kidogo. Kisha nikasogea karibu. Sauti ilikuwa ya juu kidogo kuliko ile. Ilikuwa yake yeye. Amefunga mdomo, anapumua kwa pua, anavuma noti ile ile, inashuka na kutulia chini, na sindano inaingia na kutoka. Nadhani hakuwa anajua. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza wiki hii. Alikuwa amejipatia mtu wa kukaa naye.

Nilisimama mlangoni nikamsikiliza. Ni nzuri kuliko ya kwanza. Ina majonzi ya mtu aliye hai. Na kwa bahati njema simu ilikuwa mkononi, na kwa bahati njema zaidi ilikuwa inarekodi.

Nimewaza kwa makini, kwa sababu mimi si mtu wa kurudia kosa. Kosa la safari ile lilikuwa zile nafasi mbili za mashine. Basi. Safari hii nitaziba mwenyewe kwa gundi kabla ya kuanza, na nitazima mashine kwa mkono wangu. Nakala ziwe nane. Kumi, watu wakililia. Kumi na mbili ndio mwisho kabisa, na hapo hata hatajua kuna kilichopungua. Nimempigia Bibi Sahani nikiwa kwenye ngazi. Nimemwambia albamu ya pili ipo, na safari hii ameimba mwanamke.

Kisha nikarudi ndani ili nipate urefu wake kamili. Ilikuwa dakika ya ishirini na sita ndipo akanyamaza, akainua kichwa, akaniuliza kwa nini naangalia saa. Nikamwambia hakuna neno, Mama mdogo, aendelee tu.